Bei ya Hina Bandani: Hesabu Dakika

Mchora hina wa Nambambo anayejiandaa kupeleka koni zake kwenye Nanenane ya Kanda ya Kusini, viwanja vya Ngongo, Lindi, kwa kawaida hupanga bei kwa ukubwa wa mchoro: ua dogo bei chee, mkono mzima juu kidogo. Hapo ndipo fedha inapovujia. Unga wa hina, limau na sukari vya mteja mmoja ni gharama ndogo. Kinachomwishia bandani ni dakika za mkono wake.

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme banda ni 60,000 kwa siku nane, yaani 7,500 kwa siku. Chakula na nauli 5,000, hina 2,500, na ujira wake mwenyewe 15,000, maana wengi huusahau. Jumla ni 30,000. Ikiwa wateja wanamjaa kwa saa tatu tu kwa siku, dakika 180, basi kila dakika ya kuchora lazima ilete karibu shilingi 167.

Sasa tazama. Ua la dakika tano kwa 1,000 linaleta 200 kwa dakika. Mchoro wa vidole hadi kiwiko, dakika 25, kwa 3,000 iliyozoeleka, unaleta 120. Mteja anayeonekana mkubwa ndiye anayemtia hasara, na foleni nyuma yake inaondoka. Mchoro huo uuzwe kwa 5,000. Asubuhi kiwanja kikiwa kitupu anaweza kuuachia kwa 4,000, kwa sababu saa hiyo hakuna anayesubiri. Jioni foleni ikiwa ndefu, achore maua madogo tu.

Bei zifuate noti: 1,000, 2,000, 5,000. Ukiandika 1,500 utakuwa unasaka chenji giza likiingia, vidole vimejaa hina. Na fedha ipokelewe kabla ya koni kugusa ngozi. Mteja aliyekwisha kuchorwa ana mkono mbichi, hawezi kufungua pochi wala kubonyeza simu, na mchoro ukichafuka utarudia bure.

Ile 1,000 ya ua dogo isiondoke kwenye ubao wa bei. Agosti hela ya ufuta kwa wengine imeshaingia, lakini minada ya korosho bado, na mama mwenye mabinti watatu anapiga hesabu ya wote kabla hajasimama.

Kuna kishawishi kimoja ninachokikataa kabisa: piko. Inakauka upesi na kutoa weusi mzito papo hapo, kwa hiyo foleni inakwenda. Lakini ni rangi ya kupaka nywele. Kemikali yake, PPD, ikipakwa kwenye ngozi yaweza kuleta malengelenge na makovu, na mzio usioisha. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuipaka kwenye ngozi. Hina halisi huanza na rangi ya machungwa na kukolea siku moja au mbili baadaye. Mweleze mteja hivyo mapema, hasa aliyekuja na mtoto, na usishushe bei kwa kuwa jirani anauza weusi wa haraka.

Mteja akisema, "Dada, nina 3,000 tu," mpunguzie mchoro, bei iache. Anzia vidoleni, ishia kwenye kifundo cha mkono: dakika kumi na tano, na kila dakika bado inalipa 200.