OpenLDAP na siri yake ya 49

Wandugu, ku Unix, OpenLDAP ikikukatalia kuingia inajibu kosa 49. Neno la siri ni baya? 49. Jina haliko ndani ya saraka? 49 tu. Kumfichia mwizi, naisifu. Lakini fundi naye asome wapi? Logi zinapitia syslog, njia ya local4. Pasipo mustari wa kuzishika, zinaweza kupotea. Basi mwanafunzi aliyefungiwa anaambiwa: «Umesahau neno lako.» Muongeze ule mustari, muweke loglevel 256, kisha mutafute nentries=0: saraka haikuleta mtu. Sisi wa kilimo, jani likinyauka tunachimba mizizi mbele ya kulaumu mulimaji. Siri mlangoni, sawa. Siri mpaka kwa fundi, hapana.