Cybotron: Yule wa Pili

Mara nyingi nimewaambia wenzangu, tena kwa mikogo, kwamba muziki wa tekno ulizaliwa na kijana mmoja wa Detroit, Juan Atkins. Nilikuwa nimesoma mahali, nikakariri, basi. Hadi nilipokaa na santuri ya Enter siku tatu mfululizo ndipo nikaona haya. Mle ndani Atkins hayuko peke yake, na mimi nilikuwa nimemzika mwenzake huku bado anaongea.

Huyo wa pili ni Rick Davis, aliyejiita 3070. Alipigana Vietnam, akarudi, akajifungia na vinanda vyake vya umeme. Alikutana na Atkins chuoni, Washtenaw Community College, nje kidogo ya Detroit, kijana mwenyewe ndiyo kwanza katoka sekondari. Mwaka 1981 wakatoa wenyewe "Alleys of Your Mind". Electrifying Mojo, mtangazaji aliyewakesha watu wa Detroit redioni, akaipiga. Ikafuata "Cosmic Cars" mwaka 1982, kisha Enter, 1983, kwa kampuni ya Fantasy. Kufika 1985 Atkins alishaondoka. Ndiyo hayo tu.

Waliachana kwa nini? Inasimuliwa kwamba Davis alitaka roki, Atkins akataka mashine na dansi. Msimulizi akifika hapo humgeuza Davis kuwa jiwe njiani. Nusu nakubali. Gitaa la wimbo wa "Enter" linapayuka kama mgeni asiyejua kuaga, na sijalipenda hata leo. Halafu geuza santuri, nenda mpaka mwisho, ukute "Clear". Gitaa hakuna. Besi inatambaa, makofi ya mashine yanaanguka pale pale panapotakiwa, sauti ya mtu imebanwa hadi ikawa chombo kimojawapo. Hapo Atkins kashinda, tena kwa mabao mengi. Missy Elliott alipouchota mdundo huo katika "Lose Control", mwaka 2005, ulikuwa haujazeeka hata kidogo.

Lakini jamani, rudini kwenye "Alleys of Your Mind". Vyombo ni vile vile vya kuhesabika, ila kuna hofu mle: mtu anatembea ndani ya kichwa chake mwenyewe na anahisi anafuatwa. Hofu ile ina umri. Haisikiki kama ya kijana anayewaza Jumamosi atacheza wapi. Tena katika santuri hiyo hiyo kuna wimbo unaoitwa "El Salvador", nchi iliyokuwa ikiteketea wakati ule kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nani analeta vita katika santuri ya kuchezwa? Mimi namsikia askari aliyerudi nyumbani, akakuta mji wa magari unafunga viwanda.

Fantasy walipoitoa upya Enter mwaka 1990 waliibadilisha jina, wakaiita Clear. Eti santuri nzima ni ule wimbo wa mwisho! Hiyo siyo biashara tu. Ni hukumu, na sisi wasikilizaji tukaitia sahihi.

Atkins alipojitenga alianzisha Metroplex, na kwa jina la Model 500 akatoa "No UFO's", 1985. Naupenda sana. Una kasi, umesafishwa, hauna gitaa la mtu. Ila usikilize vizuri: ni wimbo wa mtu anayeambiwa hakuna kitu huko juu na haamini. Shaka ile ile. Alimwacha Davis, shaka akaondoka nayo.

Jina la Cybotron lilipanda jukwaani London mwaka 2019, likiwa mikononi mwa Atkins.

Juzi nilirudi kwa wale niliokuwa nikiwahutubia, nikawaambia nilikosea. Mmoja akaguna: sasa huyo Davis wako mbona hatujamsikia? Sikubishana naye. Nikaweka "Alleys of Your Mind". Ulipokwisha akaniambia niurudie, na safari hii nizime taa.