Elizabeth alizimia kweli kwa sababu ya koseti?

Kama umeangalia Pirates of the Caribbean ya mwaka 2003, unamkumbuka Elizabeth Swann akifungwa koseti mpya, akikosa pumzi juani kule ngomeni, kisha chubwi! baharini. Jack Sparrow anamwopoa, anaikata koseti kwa kisu, binti anapumua. Inachekesha, na Keira Knightley anaigiza vizuri. Ila kama maelezo ya vazi la karne ya 18, hapana.

Tuanze na ushonaji. Koseti ya zama hizo ilishonwa yote kwa mkono. Tabaka za kitani ziliunganishwa kwa mistari mingi ya mishono, na kila nafasi kati ya mistari ikawa kijia chembamba cha kupitishia kile kilichoitwa mfupa wa nyangumi. Jina linadanganya, maana si mfupa. Ni yale mabamba ya mdomoni ambayo nyangumi huchujia chakula, na ni keratini, kama kucha zako. Hupasuka vizuri kwa urefu, kwa hiyo fundi alipata vipande vyembamba kabisa, na yakipata joto hulainika na kufuata umbo la mwili.

Sasa angalia mgongoni. Vitundu vya kamba vilizungushiwa uzi tu, kama tundu la kifungo. Pete za chuma zilikuja karne ya 19. Ukivuta kwa nguvu zile za kwenye sinema, kitakachoanza kulalamika ni kitambaa. Na kiuno chenyewe kilionekana chembamba kwa msaada wa sketi pana iliyotunishwa nyongani. Ujanja wa macho, basi.

Kinachoniudhi ni hiki: wanawake wa kazi Uingereza, wauza samaki, wafua nguo, walivaa vazi hilohilo, wengine la ngozi. Hata wajakazi wanaomfunga Elizabeth wangekuwa wamelivaa. Mbona wao hawazimii? Sisemi lilikuwa vazi la raha. Kuinama ilikuwa shughuli, na karne iliyofuata wapo waliojibana kupita kiasi. Lakini sinema imechukua hofu ya karne ya 19 ikaivalisha karne ya 18, na wewe mtazamaji unaondoka ukidhani wanawake wale walikuwa wajinga wa kujinyima pumzi.

Na lile tukio la kisu? Jamani, binti ametoka kuzama. Amekunywa maji ya bahari, anayakohoa mbele yetu, na bado lawama zote kapewa fundi.