Ufundi wa Kumngoja Mtoto

Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili hashiki kitabu anaposimulia. Ameketi kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa hapa Lavington, Nairobi, naye anawapa watoto kisa cha Samweli wa Biblia kana kwamba kilitokea juzi, ng'ambo ya Barabara ya James Gichuru. Akifika pale mtoto anaposhtuka usiku na kumkimbilia mzee Eli, ananyamaza. Msichana mmoja anauliza, "Ticha, kwani hakuogopa giza?" Mwalimu haikimbilii aya ya kukariri. Anamrudishia swali: "Wewe ungeogopa?" Hapo darasa zima linafunguka. Mmoja anaogopa stima zikipotea, mwingine anaogopa mbwa wa jirani, na wa tatu, kwa sauti ya chini, anasema anaogopa baba akichelewa kurudi.

Somo la siku hiyo lilikuwa limeandaliwa vizuri, ila iliyofunza ni ile nafasi aliyoiacha mwalimu. Kumwachia mtoto nafasi ya kusema ni kazi ngumu kuliko kuhubiri. Huhitaji kipaza sauti, na hakuna anayekupigia makofi ukiifanya.

Kisa chenyewe kinautaja ufundi huu waziwazi. Mara tatu Samweli anamwamsha mzee, na mara tatu mzee hamkaripii. Anapotambua kwamba ni Mungu anayemwita mtoto, haendi kuitika kwa niaba yake. Anamrudisha akalale na kumfundisha namna ya kujibu. Naona hapo utumishi wote kwa watoto na vijana: kuamshwa bila kukasirika, kutambua kinachoendelea ndani ya mtoto, kisha kumwachia aende mwenyewe. Na kisa hicho hicho kina onyo. Eli aliyemlea vyema Samweli alishindwa na wanawe mwenyewe, Hofni na Finehasi. Ndiyo maana mwalimu mzuri hamalizii kazi yake darasani. Humtafuta mzazi.

Afrika Mashariki kazi hii ina mizizi mirefu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliokuwa mikononi mwao kwanza ni watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1899, mwaka ule reli ilipofika Nairobi, shirika hilohilo lilianzisha misheni ya Mtakatifu Austin katika ardhi ambayo leo ni Lavington, na likapanda kahawa. Malezi ya zama hizo yalikuwa na ukali wake, na mara nyingi yalimtenga mtoto na mila za wazee wake. Hilo siwezi kulipamba. Lakini wale watu walikaa. Apandaye mche wa kahawa hategemei kuchuma mwaka uleule, na wao waliwalea watoto kwa subira hiyo.

Walimu wa shule ya Jumapili walionilea walikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada limefungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na majina yetu, na pembeni ya kila jina maneno machache kwa kalamu ya risasi: huyu nyanya yake amelazwa, huyu wamehama, huyu haimbi tena, ulizia. Hatukuruhusiwa kulisoma, lakini tulijua limeandikwa nini, kwa sababu Jumapili iliyofuata uliulizwa, "Nyanya anaendeleaje?" Ukikosa kuonekana kwa muda, mwalimu alikuja nyumbani kwa miguu, akanywa chai, akazungumza na mama habari za mvua na bei ya unga, na kabla ya kuondoka alikuuliza swali moja tu. Swali hilo lilikutosha kujua kwamba pengo lako lilionekana.

Nalitaja daftari kwa sababu leo tuna vifaa bora zaidi na tunajua kidogo zaidi. Mtoto huandikishwa kwenye tableti na kubandikwa stika yenye nambari, na mzazi huitwa nambari hiyo ikitokea kwenye skrini. Walimu huja kwa zamu. Wa wiki hii si wa wiki ijayo. Nyumba za zamani zenye bustani zimebomolewa, fleti zimeota mahali pake, na mwalimu anayetaka kumtembelea mtoto husimamishwa getini na askari, ambaye hupiga simu juu kuuliza kama anatarajiwa. Hatarajiwi. Siku hizi nani hutarajia mwalimu wa Jumapili?

Mwendo mfupi kwa Barabara ya Gitanga unakufikisha Kawangware, mtaa wa wafanyakazi wengi wa nyumba hizo. Darasa la kanisa lilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mfanyakazi wake waliweza kuketi mkeka mmoja wakagawana kalamu za rangi. Mwalimu aliyewajua wote wawili ndiye aliyeushikilia mkeka ule. Akija mwalimu mgeni kila wiki, watoto hujipanga kama watu wazima walivyojipanga mtaani.

Vijana wamepoteza zaidi. Desemba ya kumaliza KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilikuwa na desturi yake: wavulana wakitoka jandoni, wazee wa kanisa walikaa nao siku kadhaa na kuzungumza nao habari za mwili, pesa, heshima na Mungu. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mfumo wa masomo ukabadilika, na sehemu nyingi hatujaipangia desturi hiyo majira mapya. Kabla ya hapo lilikuja lile pigo la korona. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, masharti yaliwataka walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wabaki nyumbani. Sababu ilieleweka. Lakini tuliwatoa kwa pamoja mtoto na mzee, na milango ilipofunguliwa kwa wote hatukufanya bidii ya kuwakutanisha tena.

Kisha Juni 2024 vijana wakajaza barabara za Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, na waumini wenye umri wangu wakaulizana watoto hawa wametoka wapi. Walitoka katika madarasa yetu. Tuliwafundisha kuitika wanapoitwa, nao waliitika, na wengi hawakuwa na mtu mzima kanisani wa kumwendea usiku, kama Samweli alivyomwendea Eli.

Tunanunua spika mpya. Tunapaka ukumbi wa vijana rangi nyeusi ili taa zing'ae. Sina neno na taa. Nalalamikia bajeti isiyo na mstari hata mmoja wa kumfunza mwalimu, na familia zinazomwacha mtoto mlangoni bila kujua jina la anayempokea. Walimu wa daftari sasa wamezeeka. Wanarudi mashambani mmoja mmoja, na majina ya watoto wetu vichwani mwao, na hatujamtuma kijana yeyote akaketi karibu nao ajifunze.