Spika Isiyojua Kusifia

Spika nzuri ya studio haifurahishi siku ya kwanza. Uitoe kwenye boksi, uichomeke, uweke wimbo unaoupenda, na utahisi umepigwa dukani. Besi haitikisi kifua, mwimbaji kama kapungua, na makosa ambayo sabufa ya nyumbani iliyafunika miaka yote yanaanza kujitokeza: pumzi iliyovutwa pasipotakiwa, gita lililotoka kwenye tyuni, neno lililokatwa na mhariri kabla halijaisha. Wengi huirudisha. Fundi ninayemsifu hapa husikia hayo akatabasamu, akavuta kiti karibu.

Yuko Makongolosi, wilayani Chunya, na ameomba nisimtaje jina. Sidhani kama kuna mahali pagumu kufanyia kazi ya masikio kuliko pale. Mji umekaa juu ya dhahabu ya Lupa, ile iliyovuta watu kutoka kila pembe tangu miaka ya 1920 na 1930, na mpaka leo makarasha yanasaga mawe kutwa, jenereta zinanguruma, pikipiki hazikomi. Studio yake ni chumba cha uani kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Wanaingia wanakwaya na sare zao, vijana waliotoka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, wakiwa na hela ya biti, Wasukuma waliohamia na mifugo wakaja na nyimbo zao. Kila mmoja ana sauti yake, na kila mmoja ana haki ya kutoka mle akiwa na sauti ileile aliyoingia nayo.

Watu wa pale hawahitaji kuelezwa habari ya kupima. Mnunuzi wa dhahabu hababaishwi na kung'aa. Huipima hewani, akaipima tena majini, ndipo ataje bei. Fundi huyu naye ana maji yake, nayo ni sauti ya binadamu.

Nieleze jinsi anavyofanya, maana sijaona wengi wakifanya hivi. Humwita mtu wa kwaya, mara nyingi mwanamume wa besi, akamsimamisha kati ya spika mbili na kumrekodi akisema maneno ya kawaida tu: anasimulia alivyoamka, bei ya mahindi, msiba uliokuwapo juzi. Haimbi, kwa sababu kuimba kunaficha mambo. Kisha fundi hukaa akiwa amewapa mgongo, mtu na spika, na kumwambia, “Haya kaka, sema tena, halafu kijana abonyeze rekodi yako.” Mara anasema mtu, mara inasema spika, kwa ukubwa uleule wa sauti. Yeye anasikiliza kifua cha msemaji. Spika dhaifu humfanya mtu aongee puani, au humjazia kifua asichokuwa nacho, au herufi ya “s” inatoka na makali ya wembe. Spika ya kweli humwacha alivyo, hata kama ana mafua. Wahandisi wa BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, walizipima spika zao kwa njia inayofanana na hii: mtu anazungumza chumba cha pili, kipaza sauti kinamleta, na wasikilizaji wanalinganisha. Fundi wa Makongolosi hakuisoma popote. Alirithishwa na mzee aliyewahi kukaa kwenye mitambo ya redio, enzi ambazo kijana alikaa nyuma ya mkubwa wake akimtazama tu, haruhusiwi kugusa kitufe.

Jaribio lake la pili ni dansi la zamani. Anaweka bendi ya Mlimani Park, Sikinde yenyewe, rekodi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kukuuliza swali moja: sekondi solo iko wapi? Kwenye sabufa utasikia besi na mwimbaji, na katikati uji. Kwenye spika inayosema kweli magita yanaachana. Solo inapita juu, sekondi solo inaijibu kwa chini kidogo, ridhim inatembea pembeni, na tarumbeta ziko nyuma yao, umbali unaoweza kuukadiria kwa hatua. Umbali huo ulipangwa. Bendi nzima iliingia chumba kimoja, vipaza sauti vichache, wakapiga wote kwa pamoja, na mtu wa mitambo ndiye aliyeamua nani asogee mbele na nani arudi nyuma. Hapakuwa na kusema tutarekebisha kesho kwenye kompyuta. Ninaposikia kanda zile kupitia spika nzuri, ninasikia maamuzi ya mtu huyo kila mahali.

Mwaka ambao Mlimani Park iliundwa, 1978, ndio mwaka Yamaha ilipotoa NS-10, spika yenye koni nyeupe iliyokusudiwa kuwa ya sebuleni. Sebuleni haikupendwa. Wenye studio wakaigundua, wakaona inaanika kila uchafu uliomo kwenye sauti za katikati, wakaiweka juu ya meza zao dunia nzima, na ikadumu mpaka 2001 ilipoacha kutengenezwa. Hiyo ilitegemea amplifaya ya nje. Mwaka huohuo wa 1978 huko Finland ilianzishwa Genelec, kampuni iliyojijengea jina kwa spika zenye amplifaya ndani.  

Siku hizi karibu kila studio ndogo inatumia hizo zenye amplifaya ndani. Sauti inagawanywa kabla ya kuongezwa nguvu, na kila kinywa, kikubwa cha besi na kidogo cha sauti za juu, kinapata amplifaya yake. Ni kazi safi, sibishi. Lakini imetuzoesha kuamini kwamba kiwanda kimeshasikiliza kwa niaba yetu. Nyuma ya spika hizi mara nyingi kuna swichi ya kupunguza besi kwa ajili ya aliyeziweka karibu na ukuta, maana ukuta, na kona zaidi, huvimbisha besi. Nimeingia studio nyingi Mbeya na Iringa nikachungulia nyuma: swichi iko palepale ilipotoka kiwandani, vumbi limeiziba, na spika zimebanwa kwenye kona. Ukutani wamebandika trei za mayai toka chini hadi darini. Trei za mayai hupunguza mwangwi mkali wa juu kidogo tu. Besi inazipita kana kwamba hazipo, inazunguka chumba na kurudi kumdanganya aliyekaa kwenye kiti.

Fundi wangu hana trei hata moja. Ana mablanketi mazito, rafu ya vitabu vya shule visivyolingana, na kamba. Kwa kamba hiyo hupima toka spika hadi spika, na toka kila spika hadi kichwani kwake, mpaka pande tatu zilingane, kinywa kidogo kikiwa usawa wa sikio. Spika zake ni za inchi 5, na hazioni haya. Waya mnene wa gita la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Kiboksi kama kile hakifiki huko kwa nguvu, na mwenyewe anajua kinaishia wapi. “Kinachonyamaza kwa kutoweza hakijanidanganya,” aliniambia. “Kinachojifanya kinaweza ndicho kitakachoniaibisha kanisani.”

Kisha anapunguza sauti. Hapa ndipo vijana humkimbia. Kanuni yake ni kwamba spika mbili hazilinganishwi mpaka ziwe na ukubwa mmoja, kwa sababu desibeli moja ya ziada inatosha kumfanya mtu aape kwamba hii ni bora. Wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko wanunuzi. Na akishazilinganisha huzishusha mpaka mtu aweze kuongea juu yake bila kupaza. Fletcher na Munson walionyesha kule Marekani mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu linapoteza besi na ncha za juu. Kwa hiyo kinachobaki ni katikati, yalipo maneno. Kama maneno ya mwimbaji yanasimama hapo, wimbo umesimama. Mwishoni huunganisha pande mbili ziwe moja, kwa kuwa anajua wimbo utaishia kwenye simu mfukoni mwa mchimbaji, na kama kinanda kimepotea kwa kuunganishwa, hurudi nyuma na kuanza upya.

Kazi hii inakula siku nzima kwa jozi moja ya spika. Nani anayo siku nzima? Tangu lami ya Mbeya ifike, spika zinakuja kwa basi, zimeagizwa Kariakoo kwa picha ya simu, na kinachoulizwa ni watu gani maarufu wanazitumia. Mnunuzi hakuzisikia, muuzaji hakuzisikia. Miksi inafanywa kwa sauti ya kupasua kichwa, inapendeza studio, inafika harusini kwenye muziki mnene na hakuna neno linaloshikika. Watu wanalaumu spika za harusi. Kwaya ya watu arobaini, wenye alto na teno zilizofundishwa kwa mwaka mzima, inasikika kama watu sita wanaopiga kelele, na mwalimu wao anaondoka akidhani hivyo ndivyo walivyo.

Tunawakumbuka waimbaji wa dansi, Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Hassan Bitchuka, na ni haki yao. Ni wangapi kati yetu wanaweza kumtaja hata mtu mmoja aliyekaa kwenye mitambo ya Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, akiwasikiliza, akamwambia mpiga tarumbeta arudi hatua mbili? Leo maprodusa wamejirekebishia hilo kwa kupachika majina yao mwanzoni mwa wimbo, mwimbaji hajafungua kinywa. Nilimuuliza fundi wa Makongolosi kwa nini yeye hana sahihi ya namna hiyo. Alisema aliwahi kuipachika kwenye wimbo wa kwaya, akausikiliza kwenye spika zake, akaona inaifunika soprano, akaifuta. Wanafunzi wake wawili waliacha mwaka jana. Mmoja yuko kwenye karasha, mwingine amefungua studio yake mjini Mbeya, ina taa za rangi, na nasikia inajaa.