Aya, Falaki na Neno la Kiswahili: Tahakiki ya Tarjuma ya Al-Muntakhab kwa Msomaji wa Nkombo

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Tarjuma ya Al-Muntakhab ya Ali Muhsin al-Barwani (1995) inavyokutanisha aya za Qurani na elimu ya falaki ya kisasa. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa mkutano huo unatokana na msamiati zaidi kuliko imani: maneno mbingu, nuru na mwezi hubebeshwa maana ambazo Kiswahili hakijaziainisha. Kipimo kinachotumika ni msomaji wa kisiwa cha Nkombo, ambaye Kiswahili kwake si lugha ya nyumbani. Makala inapendekeza hatua tatu kwa wafasiri na watunga sera za lugha.

Utangulizi

Nkombo ni kisiwa cha Ziwa Kivu katika Wilaya ya Rusizi, Jimbo la Magharibi la Rwanda. Upande wa kusini-magharibi uko mji wa Bukavu, na kaskazini kisiwa cha Ijwi, vyote vya Kongo. Watu wa Nkombo wana lugha yao ya nyumbani iliyo jamaa ya Kishi na Kihavu vya ng'ambo ya ziwa. Kinyarwanda ni lugha ya taifa na serikali. Kiswahili ni lugha ya soko na ya kuvukia mpaka. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini Rwanda kilihusishwa na Waislamu na wafanyabiashara wa mijini, kama wale wa Biryogo jijini Kigali. Mwaka 2017 kikawa lugha rasmi ya nchi.

Mabadiliko hayo yanaleta swali ambalo tahakiki za tafsiri za Qurani hazijalizingatia vya kutosha. Tafsiri hizo ziliandikwa kwa ajili ya msomaji wa pwani, anayejua neno linamaanisha nini kabla ya kulisoma kitabuni. Msomaji wa Nkombo hana hazina hiyo. Anapokuta maelezo ya falaki chini ya aya, huenda hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya falaki aliyowahi kuyasoma kwa Kiswahili. Kwake, kitabu cha ibada kinageuka pia kuwa kitabu cha sayansi, naye hana kingine cha kukilinganisha nacho.

Tarjuma na shabaha yake

Kiswahili kina silsila inayojulikana ya tafsiri kamili za Qurani: ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, mwaka 1923, ya Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya, mwaka 1953, na ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwaka 1969. Al-Barwani, aliyewahi kuwa waziri wa Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964, aliingia katika silsila hii na shabaha nyingine. Alitarjumu pamoja na aya maelezo ya Al-Muntakhab, kazi ya wanazuoni wa Misri chini ya Baraza Kuu la Mambo ya Kiislamu la Cairo, ambayo hufungamanisha baadhi ya aya na matokeo ya sayansi ya kisasa.

Sifa ya kazi hii isipunguzwe. Al-Barwani alithibitisha kwa vitendo kwamba Kiswahili kinaweza kujadili jua, mwezi na asili ya ulimwengu pasipo kuazima sentensi za kigeni. Hata hivyo, pana ugumu unaoanzia kwenye jina lenyewe. Katika Kiarabu tarjama ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na tafsir ni kufafanua makusudio. Katika Kiswahili cha kawaida neno tafsiri hubeba yote mawili. Al-Barwani alijitahidi kuyatenganisha, lakini msomaji wa kawaida huyaona yote kuwa «tafsiri ya Qurani». Hivyo maelezo ya mtaalamu wa Cairo hupata heshima ya aya bila mtu yeyote kukusudia.

Mbingu na kutanuka

Mfano wa kwanza ni aya ya 47 ya sura ya 51, Adh-Dhariyat. Neno la Kiarabu musi'un latokana na mzizi wenye maana ya upana na wasaa. Wafasiri wa kale walilielewa kwa namna zaidi ya moja: wapo waliosema ni uwezo na ukunjufu wa Mwenyezi Mungu, na wapo waliosema ni upana wa mbingu zenyewe. Al-Barwani ameziweka maana hizi mbili bega kwa bega, uwezo na kutanua. Hapo amekuwa mwaminifu kuliko wafasiri wengi wa zama zetu, ambao huacha uwezo na kubakiza kutanuka peke yake ili aya iafikiane na nadharia ya ulimwengu unaopanuka.

Tatizo lililobaki liko katika neno mbingu. Aya hiyo ina samaa, umoja. Aya ya 30 ya sura ya 21, Al-Anbiyaa, ina samawati, wingi. Katika Kiswahili zote huwa mbingu, kwa kuwa umoja wake, uwingu, umekwisha kutoweka katika matumizi ya wengi. Tena mbingu ni makao ya malaika, ni anga tunaloliona, na sasa inatakiwa iwe pia ulimwengu mzima wa magalaksi. Kinachotanuka katika nadharia ya wanafalaki ni umbali baina ya magalaksi. Anga lililo juu ya Ziwa Kivu halitanuki, na mbingu ya malaika haimo katika vipimo vya darubini. Maelezo yasiyoainisha mbingu ipi inazungumzwa humpa msomaji uhakika bila kumpa maarifa.

Historia ya nadharia hiyo yenyewe inafundisha tahadhari. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri na mwanafizikia wa Ubelgiji, dola iliyokuwa ikitawala pande zote mbili za Kivu, alichapisha hoja kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha uhusiano baina ya umbali wa magalaksi na kasi yake. Novemba 1951 Papa Pius XII alipoihusisha nadharia ya mwanzo wa ulimwengu na uumbaji, Lemaître hakuridhika. Aliona nadharia yake haina budi kubaki nje ya maswali ya dini. Wakati huo nadharia pinzani, ya ulimwengu usio na mwanzo, ilikuwa bado na wafuasi wenye nguvu. Ushahidi mzito uliowapunguza ulipatikana mwaka 1965.

Katika Uislamu tahadhari hii ina mizizi ya zamani zaidi. Al-Shatibi, mwanazuoni wa Granada wa karne ya 14, aliwapinga waliotaka Qurani ibebe elimu ambazo walioteremshiwa hawakuzijua. Katika zama zetu Nidhal Guessoum, mwanafalaki wa Algeria, ameendeleza ukosoaji wa mtindo uliovuma baada ya kitabu cha Maurice Bucaille cha mwaka 1976. Wote wawili hawakuhofia kwamba sayansi ingeiumbua Qurani. Walihofia wasomaji wanaoifunga aya kwenye nadharia, kisha nadharia ikabadilika.

Nuru na mwangaza

Mfano wa pili ni aya ya 5 ya sura ya 10, Yunus. Kiarabu kina dhiyaa kwa jua na nur kwa mwezi. Wapenzi wa ufasiri wa kisayansi hudai kwamba tofauti ya maneno haya inaashiria mwanga wa asili na mwanga wa kuakisiwa. Al-Barwani ametumia mwangaza kwa jua na nuru kwa mwezi. Katika Kiswahili, mwangaza na nuru hutofautiana kwa hadhi ya usemi, wala si kwa chanzo cha mwanga. Nuru ni neno la ushairi, dua na majina ya watu. Mwangaza ni neno la kila siku. Hakuna Mswahili anayesikia nuru akafikiri kuakisi.

Aidha, hoja hiyo hailingani na Qurani yenyewe. Katika aya ya 35 ya sura ya 24, inayolipa jina sura hiyo, Mwenyezi Mungu ametajwa kuwa nuru ya mbingu na ardhi. Hakuna Mwislamu atakayekubali kwamba nuru hapo ni mwanga wa kuazima. Basi kanuni ya lugha inayovunjika katika aya moja haiwezi kuwa kanuni katika nyingine. Kwamba mwezi huakisi mwanga wa jua ni kweli isiyohitaji ushahidi wa neno hili.

Karara na hilali

Mfano wa tatu unaonesha ubora wa mfasiri. Aya ya 39 ya sura ya 36, Yasin, inafananisha mwezi mkongwe na urjun, kikonyo kikavu cha shada la tende kilichopinda. Al-Barwani ametumia karara, kifuniko kikavu cha ua la mnazi. Ameacha mti wa Arabuni akachukua mti wa pwani, na umbo limebaki salama: kitu chembamba, kikavu, kilichokunjamana. Katika aya hii Qurani inalizungumzia jicho, na mfasiri amelizungumzia jicho.

Nkombo hakuna minazi, lakini jicho lipo. Kisiwa kiko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, ambako mwezi mwembamba mara nyingi hulala chali kama mtumbwi badala ya kusimama wima. Wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazivuti samaki vizuri. Kwao vituo vya mwezi ni hesabu ya kipato. Msomaji wa namna hii hahitaji kuambiwa kwamba aya imetangulia sayansi. Anahitaji neno litakalomwezesha kuunganisha anachokiona na anachokisoma.

Neno hilo linakosekana pale linapohitajika zaidi. Aya ya 189 ya sura ya 2, Al-Baqara, inazitaja ahilla, yaani hilali, kuwa vipimo vya nyakati kwa watu na kwa hija. Kiswahili kina mwezi mwandamo, mwezi ulioonekana ukiandama baada ya jua kuzama. Kalenda za kisasa nazo zina «mwezi mpya», saa ambayo mwezi hupita baina ya dunia na jua na hauonekani kabisa. Kwa kawaida jicho tupu haliwezi kuuona mwezi kabla ya saa 15 hivi kupita tangu wakati huo, na mara nyingi huhitaji zaidi. Magazeti na hata matangazo rasmi hutumia mwandamo na mwezi mpya kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu anayesoma kwamba mwezi mpya ni leo, kisha akasikia haukuonekana, hudhani mmoja kati ya mwanafalaki na shehe amekosea. Wote wawili wako sahihi. Lugha ndiyo iliyowagombanisha.

Jambo hili linagusa sera. Idd el-Fitri na Idd el-Adha ni sikukuu za kitaifa nchini Rwanda, na mgogoro wa kuandama mwezi unajulikana kote Afrika Mashariki. Ipo hoja ya ndani ya Uislamu ya kukubali hesabu, kama alivyoitetea Ahmad Shakir wa Misri mwaka 1939, na ipo hoja ya kubaki na jicho. Lugha haina kazi ya kuamua baina yao. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wanaobishana wanabishania jambo lile lile. Mpaka wa Rwanda na Kongo unaligawa Ziwa Kivu, lakini upeo wa macho haugawanyiki, na saa ya Nkombo na ya Bukavu ni moja.

Hitimisho na mapendekezo

Tarjuma ya al-Barwani inastahili kuendelea kusomwa, na makosa yaliyoonyeshwa hapa mengi si yake binafsi. Ni matokeo ya lugha iliyopewa kazi ya sayansi kabla ya kupewa istilahi zake. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, wachapishaji wa tafsiri watenganishe kwa mpangilio wa ukurasa aya na maelezo ya kisayansi, na kila maelezo yaandikwe mwaka wake. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na vyombo vya lugha vya nchi wanachama visanifu istilahi zinazotenga anga na ulimwengu, na mwezi mwandamo na muungano wa jua na mwezi, kwa kuwashirikisha wanafalaki na wanazuoni wa dini. Tatu, mitaala ya Kiswahili nchini Rwanda iwe na matini za falaki zilizoandikwa kwa ajili hiyo, ili mwanafunzi wa Nkombo akutane na sayansi katika kitabu cha sayansi, na aya aikute katika Qurani.