Mwanga Unapoishia

Kindu, katika jimbo la Maniema nchini Kongo, iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na usiku wake hauna msimu. Mwaka mzima jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na giza huingia bila kupiga hodi. Umeme mjini ni wa kubahatisha. Ukivuka mto Lualaba hadi Alunguli na kushika njia ya Kalima, mwanga utakaokuwa nao ni ule uliobebwa na gari lako. Na njiani kuna watu: wasukuma baiskeli zenye magunia ya mchele na madumu ya mawese, akina mama waliochelewa shambani, pikipiki iliyokufa taa ya nyuma. Dereva wa huku akitaka taa za zenoni, kwa kawaida si urembo anaoutafuta.

Anafika kwa fundi umeme na boksi lake: balbu mbili, balasti mbili, fungu la waya. Fundi ninayemsifu hapa haligusi boksi. «Papa, washa kwanza,» anasema, kisha anapeleka mita yake nyuma ya taa ya zamani, injini ikinguruma, apime volti zinazofika kwenye balbu yenyewe. Betri inaweza kuonyesha 14 na balbu ikapata 12 au chini yake. Zilizobaki zimeliwa njiani: waya mwembamba uliozeeka, swichi iliyoungua ndani, waya wa bodi uliofungwa juu ya kutu. Balbu ya halojeni haisamehe upungufu huo. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Basi fundi anakwangua kutu, anavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, anaweka fyuzi na rilei, na mara nyingi mwenye gari anashangaa kukuta taa alizokuja kuzitupa zimefufuka. Wapo wanaorudi nyumbani na boksi halijafunguliwa. Fundi amepoteza kazi ya siku, na sijui mtihani mzuri zaidi wa uaminifu katika biashara hii.

Anayeng'ang'ania zenoni ana hoja. Balbu ya H4, ile ya Land Cruiser nyingi za misafara ya Maniema, hula wati 55 kwenye taa ya karibu na kutoa lumeni zipatazo 1,000. Zenoni ya kiwandani hula wati 35 na kutoa lumeni 3,200 hivi. Haina uzi wa kuwaka ndani yake. Balasti hurusha kishindo cha zaidi ya volti 20,000 kuvuka pengo la milimita 4, gesi inashika, kisha chumvi za metali zinayeyuka na kugeuka mvuke, na umeme unatulia kwenye volti 85 hivi. Ndiyo maana taa hizo huanza kwa weupe wa ajabu na kuchukua sekunde kadhaa kabla ya kukomaa. BMW waliziweka kwenye gari zao kubwa mwaka 1991. Leo viwanda vinazihama kwenda LED, nasi huku ndiyo kwanza tunazifaidi.

Kuhusu rangi nitasema machache. Vijana wanapenda samawati, ya kelvini 8,000. Zile za kiwandani ziko karibu na 4,300, nyeupe ya kawaida. Kadiri unavyokimbilia samawati ndivyo mwanga wa kuonea unavyopungua, na mvua ya Maniema inaumaliza uliosalia.

Ugumu wenyewe uko ndani ya taa. Ukiitoa balbu ya H4 na kuitazama kwenye jua (shika kitako, usiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi huipasua ikipata moto), utaona nyuzi mbili, na chini ya ule wa taa ya karibu kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe hicho huzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo akisi, kwa sababu ukifika huko hurudi ukielekea juu, machoni pa anayekuja. Mstari mkali unaotenganisha mwanga na giza, ule unaoonekana gari likikaribia ukuta, unazaliwa hapo. Sasa weka balbu ya zenoni isiyo na kikombe, au ambayo cheche yake imekaa milimita moja mbele ya mahali uzi ulipokuwa. Umezidisha mwanga mara tatu na kuutapanya hadi kwenye matawi. Dereva anafurahi kwa sababu kila kitu mbele yake kinang'aa. Mwendesha baiskeli anayekuja haoni hata tairi lake la mbele.

Kwa hiyo fundi analinganisha balbu mbili, ya zamani na mpya, kitako kwa kitako, na kupima kwa kucha. Zikipishana, anaikataa mpya. Akiwa na nafasi anatafuta projekta kutoka kwenye gari lililogongwa, lenzi yenye kibati chake cha kukata mwanga, na kuipandikiza ndani ya taa. Balasti anaifunga kwenye chuma imara, mbali na joto la injini, waya zikitokea upande wa chini ili maji yadondoke yasiingie. Tundu la kupitishia waya analivisha mpira. Vumbi jekundu la huku hupenya pasipopenya sindano.

Halafu kuna jambo la upande. Kongo tunaendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda kushoto, kama Japani. Gari lililotengenezewa huko lina taa zinazonyanyua mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara, na huku kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kwa halojeni iliyochoka hilo ni kero ndogo. Kwa zenoni ni hatari, na dawa yake ni kutafuta taa zilizotengenezewa nchi za kulia kabla ya kitu kingine chochote.

Ulaya sheria hudai kwamba taa zenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000 zijishushe zenyewe gari linapoinama nyuma, na ziwe na mashine ya kuziosha. Fundi wa Kindu ana uzi, chaki na ukuta. Anatafuta uwanja ulio sawa, kazi isiyo ndogo katika mji huu, anapima mita 10 kutoka ukutani, anachora mstari wa urefu wa taa, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Jua likishazama anazungusha skrubu robo kwa robo mpaka ukingo wa mwanga ulale juu ya mstari wa chini. Taa iliyo sentimita 90 kutoka ardhini itagusa njia mita 90 mbele. Kisha anakwenda mbele ya gari na kuchuchumaa, macho yake yakiwa usawa wa mtu aliye juu ya baiskeli, na kukaa hapo kwa muda.

Hajamaliza. Anauliza gari litabeba nini. Nani huenda Kasongo gari tupu? Pua ikinyanyuka nyuzi 1 tu, mwanga hupanda sentimita 17 kwenye ukuta uleule, na hesabu yote ya chaki inaharibika. Basi wanapakia magunia, watu wanapanda nyuma wakicheka, na anaanza upya na skrubu. Ikikaa sawa anaidondoshea kila skrubu tone la rangi, ili fundi mwenzake wa Kalima au Kasongo, akiikuta imelegea kwa mashimo ya njia, ajue pa kuirudisha.